Novemba Jangwani: Kutoka Death Valley hadi Tucson kwa Gari

Mwambie Mswahili yeyote anayeishi Phoenix kwamba unataka kwenda kutalii jangwani, atakuuliza kwanza ni mwezi gani. Ukijibu Julai, atakucheka. Ukijibu Novemba, mazungumzo yanaanza: gari gani, mnalala wapi, mko wangapi, na je, imebaki nafasi ya mtu mmoja?

Swali la mwezi lina sababu zake. Tarehe 10 Julai 1913 kipimajoto cha Furnace Creek, ndani ya bonde la Death Valley huko California, kilisoma nyuzijoto 56.7 za Selsiasi, na mpaka sasa hiyo ndiyo rekodi ya dunia inayotambuliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Bonde hilohilo, ikifika Novemba, wastani wa joto la mchana ni nyuzi 25 na usiku hushuka hadi 9. Hapo ndipo wenyeji wa kusini magharibi mwa Marekani wanapotoa mahema stoo.

Kwa ndugu zetu wa Kongo, Burundi na kwingineko waliohamia Phoenix, Tucson na Salt Lake City, mwisho wa Novemba una faida nyingine. Ni wiki ya Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya mwezi, ambapo hata waajiri wagumu hulegeza kamba kwa siku mbili tatu. Wajomba na mashangazi wanakuja kutoka majimbo mengine, nyumba inajaa, na mtu mmoja mezani anasema: kwa nini tusiende mahali? Makala haya ni kwa ajili ya mtu huyo, na kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu anayepanga kwenda kuwatembelea. (Habari za viza ni makala nyingine, na ni ndefu kuliko hii.)

Niseme msimamo wangu mapema, maana makala za safari zina tabia ya kumpa msomaji kila kitu kisha zikamwacha njia panda. Kusini magharibi mwa Marekani kuna hifadhi za taifa nyingi mno: Arches, Canyonlands, Capitol Reef, Bryce Canyon, Zion, Grand Canyon, na nyingine kadhaa. Ukizitazama kwenye ramani zinaonekana zimepangana kama vituo vya daladala, na ndiyo maana wengi hutaka kuzimaliza zote kwa wiki moja. Mwezi Mei labda. Mwishoni mwa Novemba, achana nazo. Shuka chini, elekea kusini, na uridhike na tatu: Death Valley, Joshua Tree na Saguaro.

Hifadhi hizi tatu zina undugu ambao wengi hawaujui. Zote zilipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa mwezi mmoja, Oktoba 1994: Saguaro tarehe 14, nyingine mbili tarehe 31, Rais Bill Clinton alipotia saini sheria ya kulinda majangwa ya California. Grand Canyon ilishapewa hadhi hiyo tangu 1919. Kwa miaka 75 katikati hapo, Wamarekani waliona korongo lao ni hazina, ila jangwa lenyewe wengi wakaliona ni mahali pa kuchimba madini na kupita haraka.

Saa za mwanga

Sisi tuliokulia karibu na ikweta tuna ulemavu mmoja wa kupanga safari: tunaamini jua. Linachomoza saa kumi na mbili, linazama saa kumi na mbili, mwaka mzima, na ratiba zetu zote zimejengwa juu ya imani hiyo. Kule, tarehe 25 Novemba, jua la Furnace Creek linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi na linazama saa kumi na nusu jioni. Na hiyo ni hesabu ya kalenda tu. Bonde lina milima ya Panamint upande wa magharibi, kwa hiyo kivuli kinakufikia kabla ya saa yenyewe.

Sasa piga hesabu. Familia inatoka Las Vegas saa nne asubuhi, baada ya watu wote kuoga na kunywa chai. Inasimama Pahrump kujaza mafuta na kula. Inaingia bondeni saa saba na nusu. Wamebakiwa na saa tatu za mwanga, na hapo watoto hawajaanza kuulizia choo. Ndiyo maana nasema usihesabu kilomita, hesabu saa za jua. Kilomita 200 ni kitu kidogo kwenye lami ya Marekani, lakini zikikatiza katikati ya mchana wa Novemba zimekula siku.

Kuendesha usiku huko sikushauri. Barabara hazina taa, na kuna punda. Ndiyo, punda: wachimba madini wa zamani waliwaacha, wakazaana, na sasa wanasimama katikati ya barabara kama wenye mali. Kuna pia mbwamwitu wadogo wanaoitwa koyote ambao wamezoea kuombaomba kwa wenye magari.

Urefu kutoka usawa wa bahari ni jambo la pili, na ndilo linalonifanya niwaondoe Bryce na Grand Canyon kwenye orodha. Aliyewahi kulala Moshi usiku mmoja na Horombo, juu mlimani Kilimanjaro, usiku mwingine hahitaji kuelezwa. Kingo ya kusini ya Grand Canyon iko mita 2,100, na usiku wa Novemba kule maji huganda. Kingo ya kaskazini iko juu zaidi, huduma zake kwa kawaida hufungwa katikati ya Oktoba, na hoteli yake kongwe iliteketea kwa moto wa nyika Julai 2025. Bryce iko juu ya mita 2,400. Theluji ya Novemba pale haimshangazi mtu. Ni mahali pazuri sana, sibishi. Lakini mtu anayesema “tunakwenda jangwani” hufungasha fulana na kandambili, na ndivyo anavyojikuta anatetemeka kando ya korongo huku akipiga picha moja ya haraka na kurudi garini kuwasha hita.

Hata hizo hifadhi za chini zina mapanda-shuka yake. Death Valley yenyewe ina sehemu inayoitwa Badwater, mita 86 chini ya usawa wa bahari, hakuna pa chini zaidi Amerika Kaskazini yote. Juu yake kabisa kuna genge la Dante's View, mita 1,669. Ukisimama Badwater una fulana. Ukiendesha kuzunguka mlima na kufika Dante's View unahitaji jaketi na mzula, kwa sababu joto limeshuka nyuzi nane, pengine kumi na zaidi. Kwa hiyo nguo za baridi zisikae chini ya mabegi yote, zikae kiti cha nyuma.

Bonde lenyewe

Siku mbili kamili za Death Valley ni za lazima, tatu ni bora. Hifadhi ina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 13,000, kwa hiyo mtu anayeingia asubuhi na kutoka jioni ameona barabara tu.

Badwater nenda mapema. Kwenye maegesho kuna kidimbwi kidogo cha maji ya chumvi, halafu njia nyeupe iliyokanyagwa na maelfu ya miguu inaelekea katikati ya bonde. Wengi huishia mita mia mbili, wanapiga picha, wanarudi. Endelea. Kama kilomita moja na nusu ndani, sakafu inabadilika: chumvi haijakanyagwa tena, imejikunja kingo na kutengeneza maumbo ya pembe sita yanayogusana, kila moja na upana wa meza ya chakula. Kingo zake ni kali, zinavunjika kwa mlio chini ya kiatu. Ukigeuka nyuma na kuinua macho kwenye mwamba ulio juu ya maegesho, utaona kibao cheupe kidogo sana kimebandikwa jabalini. Ndicho kinachoonyesha usawa wa bahari. Hapo ndipo mtu wa Pwani anapopiga hesabu kwamba kama bahari ingekuwa na njia ya kuingia, angekuwa amesimama chini ya maji yenye kina cha jengo la ghorofa zaidi ya ishirini.

Na maji huja kweli, ila si kutoka baharini. Tarehe 20 Agosti 2023 mabaki ya kimbunga Hilary yalimwaga milimita 56 za mvua Furnace Creek kwa siku moja, zaidi ya mvua ya kawaida ya mwaka mzima. Barabara zilikatika vipande, hifadhi ikafungwa hadi tarehe 15 Oktoba, na Badwater ikageuka ziwa. Miezi michache baadaye watu walikuwa wanapiga kasia juu ya chumvi. Funzo kwa anayepanga ni kwamba ramani yako ya mwaka jana haikuhusu. Wiki moja kabla ya kuondoka, na tena asubuhi ya kuondoka, fungua tovuti ya hifadhi usome ukurasa wa hali ya barabara. Jumba maarufu la Scotty's Castle, kwa mfano, lilifungwa baada ya mafuriko ya Oktoba 2015, na bado kuna vitabu vya wageni vinavyolitaja kama kituo cha lazima.

Matuta ya mchanga ya Mesquite Flat yaweke jioni. Hayana njia rasmi, unatembea unakotaka, na jua la Novemba likiwa limelala hivyo kila tuta linapata upande mweusi na upande wa dhahabu. Kwa wanaopenda nyota, Death Valley ina cheti cha juu kabisa cha kimataifa cha anga lenye giza, tangu 2013. Ila tazama kalenda ya mwezi. Mwaka 2026 mbalamwezi itakuwa pevu tarehe 24 Novemba, siku mbili kabla ya Thanksgiving. Nyota zitafifia. Kwa upande mwingine, utaweza kutembea kwenye matuta usiku bila tochi, na mimi binafsi ningechagua hilo.

Kumbuka pia kwamba bonde lina wenyewe. Watu wa kabila la Timbisha Shoshone waliishi hapo karne nyingi kabla ya wachimba dhahabu wa 1849 kulipa jina la kifo, na baada ya bonde kuwekwa chini ya ulinzi wa taifa mwaka 1933 walitumia miongo mingi kudai haki ya kubaki. Bunge la Marekani liliwarudishia sehemu ya ardhi mwaka 2000 tu, na kijiji chao kipo Furnace Creek mpaka leo. Msomaji aliyefuatilia habari za Ngorongoro ataisoma historia hiyo kwa jicho lake.

Kishawishi kikubwa cha bonde hili kinaitwa Racetrack. Ni sakafu ya ziwa kavu, tambarare kabisa, ambayo mawe yake yanatembea yenyewe na kuacha mikwaruzo mirefu nyuma yao. Kwa miongo mingi watu walibuni kila maelezo, majini wakiwemo. Mwaka 2014 wanasayansi wawili ambao ni binamu, Richard Norris na James Norris, walichapisha jibu baada ya kufunga vifaa vya kupima na kuyashuhudia mawe yakitembea Desemba 2013. Mvua ikijaza maji kidogo, usiku wa baridi hugandisha barafu nyembamba juu yake. Asubuhi jua linaivunja barafu hiyo kuwa mabamba makubwa, upepo mwepesi unayasukuma, nayo yanayasukuma mawe polepole juu ya tope. Basi.

Nimekieleza kwa kirefu ili nikuambie usiende. Barabara ya kufika huko ni kilomita 43 za kokoto zenye ncha, na inajulikana kwa kitu kimoja: kutoboa matairi. Mkataba wa gari la kukodi kwa kawaida unakukataza kutoka nje ya lami, na kuvutwa kwa gari kutoka kule kunaweza kukugharimu kuliko safari nzima. Mwenye gari la juu lenye matairi mazito na spea mbili aende. Sisi wengine tutazame picha.

Hili la barabara si utani. Julai 1996 watalii wanne kutoka Ujerumani, watu wazima wawili na watoto wawili, waliingia Death Valley na gari dogo la familia walilokodi. Oktoba mwaka huohuo gari lilikutwa kwenye korongo la mbali kusini mwa hifadhi, mahali ambapo gari la aina ile halikupaswa kufika, matairi yamekwisha. Watu hawakuonekana. Mabaki ya watu wazima yalipatikana Novemba 2009, miaka 13 baadaye, kilomita kadhaa kutoka gari lilipokwama. Walioyapata walikuwa watu wa kujitolea waliochambua ramani na kujiuliza watalii wale wangeelekea upande gani. Walikwenda wakati wa kiangazi, na joto lilifanya kazi yake. Lakini inaaminika kilichowafikisha pale ni njia ya mkato iliyoonekana kwenye ramani, na njia hizo zipo Novemba pia. Wahifadhi wa eneo hilo wanalalamika mpaka leo juu ya wageni wanaoitii sauti ya simu kuliko macho yao wenyewe.

Basi masharti yangu ni mafupi. Usitoke kwenye lami bila kumwuliza mhifadhi siku hiyohiyo. Pakua ramani kwenye simu ukiwa bado Las Vegas, kwa sababu mtandao unakatika dakika chache baada ya kuingia. Beba maji angalau lita nne kwa kila mtu kwa kila siku, hata kama hakuna joto. Hewa kavu inakukausha bila kukutoa jasho. Gari likikwama, kaa nalo. Kutoka angani gari huonekana mapema, mtu haonekani. Mwambie mtu wa nyumbani mnarudi lini, na akiona kimya apige simu kwa nani.

Mafuta yapo ndani ya hifadhi, Furnace Creek, Stovepipe Wells na Panamint Springs, lakini bei itakukata maini. Jaza Pahrump. Chakula nacho vilevile: deli la barafu, mkate, mayai ya kuchemsha, chapati za kutosha, na chupa mbili za chai. Anayepika kambini aje na jiko la gesi, kwani kuokota kuni ndani ya hifadhi ni marufuku. Na kunguru wa huko, wakubwa na weusi tititi, wanajua kufungua zipu.

Binamu wa mkonge

Kutoka Furnace Creek kwenda Twentynine Palms, mlango wa kaskazini wa Joshua Tree, ni mwendo wa saa nne na ushei kupitia Shoshone, Baker na hifadhi ya Mojave. Barabara za Mojave nazo huharibiwa na mafuriko, kwa hiyo uliza kabla. Ondoka alfajiri. Ukifika saa sita unao mchana.

Joshua Tree inaitwa kwa jina la mmea wake, na mtu yeyote aliyekulia Tanga, Korogwe au Kilosa atausimamia kwa muda akijiuliza ameuona wapi. Majani yale magumu yenye ncha, ua lile linalotoka juu. Ni ukoo mmoja na mkonge. Mkonge wetu asili yake ni Mexico, na aliyeuleta ni mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliyeagiza miche elfu moja kutoka Florida. Iliyofika hai Tanga mwaka 1893 ilikuwa 62. Mashamba yote yaliyofuata yalizaliwa na miche hiyo. Huyu wa California hakutoka kwao. Alikua akawa mti, mita kumi na zaidi, mikono imepinda kila upande, na shina lake halina pete za kuhesabia umri. Anategemea nondo wa aina moja tu kuchavusha maua yake. Nondo akikosekana hakuna mbegu. Moto wa Agosti 2020 kwenye Cima Dome, ndani ya Mojave, uliunguza miti inayokadiriwa kufika milioni 1.3, na mmea huu haurudi haraka.

Kwamba hifadhi ipo kabisa ni kazi ya mwanamke mmoja wa Pasadena, Minerva Hoyt, aliyekasirishwa na watu waliokuwa wanang'oa mimea ya jangwani kupambia bustani za Los Angeles. Aliandaa maonyesho, akawasumbua wanasiasa, mpaka Rais Franklin Roosevelt akalitangaza eneo hilo kuwa la kulindwa mwaka 1936.

Novemba ndiyo msimu wa watu hapa. Wikiendi ya Thanksgiving foleni ya lango la magharibi inaweza kukumalizia asubuhi. Ingia kwa Twentynine Palms, au kwa Cottonwood kusini. Ndani hakuna kituo cha mafuta, hakuna duka, na maji yako pembezoni tu, kwa hiyo ingia na tangi na madumu yaliyojaa. Usiku sehemu za juu unaweza kukaribia kuganda. Magodoro ya upepo peke yake hayatoshi, weka blanketi chini yake.

Ukishuka upande wa mashariki miti inakwisha ghafla, na mbele yako kuna bonde la mimea midogo inayong'aa jua la asubuhi, yenye manyoya laini kama kifaranga. Ni bustani ya cholla. Usiiguse. Hayo manyoya ni miiba, na kila mwiba una magamba madogo yanayoelekea nyuma: unaingia kwa urahisi na kutoka unagoma. Kipande kizima hukatika kwenye mmea na kung'ang'ania kiatu, soksi au shavu la mguu kwa kukipitia karibu tu. Mtu akikivuta kwa vidole, anakihamishia kwenye vidole. Dawa yake ni chanuo. Unapitisha meno ya chanuo kati ya ngozi na kipande, unakirusha mbali kwa mkupuo mmoja, kisha unaondoa miiba iliyobaki na kibanio cha nyusi. Kwa mara hii, dada mwenye chanuo la afro kwenye mkoba wake ana kifaa bora kuliko watalii wenye mabegi ya dola mia tatu.

Kutoka mlango wa kusini unaingia barabara kuu namba 10 na kuelekea mashariki. Tucson iko zaidi ya kilomita 500, siku nzima ya barabara, na ukivuka mto Colorado kuingia Arizona saa inaruka mbele kwa saa moja. Usiahidi mtu chakula cha jioni kwa saa za California. Wengi watakata safari Phoenix kwa ndugu, na hilo ni jambo jema; hoteli moja imepungua kwenye bajeti.

Saguaro sitaisemea sana. Imegawanyika pande mbili za jiji la Tucson, inatosha siku moja, na upande wa magharibi wakati wa machweo ndio unaoupenda kila mpiga picha. Unachohitaji kujua ni umri wa unachokitazama. Kakti ya saguaro hukua taratibu mno: inaweza kufika miaka 50 hadi 75 kabla ya kutoa mkono wa kwanza, na huishi miaka 150 na kuendelea. Ile yenye mikono mitano huenda ilikuwa hapo kabla Arizona haijawa jimbo mwaka 1912. Wezi huziiba kuuzia wapamba bustani, mpaka hifadhi ikaanza kuzifungia vifaa vidogo vya utambulisho.

Pesa

Hapa mambo yamebadilika karibuni. Kadi ya mwaka ya hifadhi zote ni dola 80 kwa mkazi wa Marekani mwenye kitambulisho cha huko. Tangu 1 Januari 2026, mgeni asiye mkazi anailipia dola 250. Zaidi ya hapo, hifadhi 11 zenye watu wengi, zikiwemo Grand Canyon, Zion na Bryce Canyon, zinamtoza mgeni asiye na kadi dola 100 za ziada kwa kila mtu mwenye umri wa miaka 16 au zaidi. Watu wazima wanne kutoka Nairobi langoni Zion ni dola 400 kabla ya kiingilio cha kawaida.

Hifadhi zangu tatu hazimo kwenye orodha hiyo. Death Valley ni dola 30 kwa gari, Joshua Tree 30, Saguaro 25, kila moja kwa siku saba. Jumla 85, gari zima. Mgeni alipe langoni, asinunue kadi. Mkazi anunue kadi, ataokoa dola 5 na atabaki nayo mwaka mzima. Ila wote waje na kadi ya benki, kwa sababu Death Valley haipokei noti tangu 2023.

Kwa anayetoka Afrika Mashariki: wanaendesha kulia, na siku mbili za kwanza utawasha waipa kila unapotaka kuwasha indiketa. Chukua kibali cha kimataifa cha udereva pamoja na leseni yako. Kabla ya kutia saini ya gari la kukodi, fungua buti uone kama spea ipo; magari mengi mapya hayana, yana kopo la dawa ya kuziba pancha, na kopo hilo halitakusaidia mbele ya jiwe la Death Valley.

Malazi ndiyo yanayoamua kama safari ipo au haipo. Thanksgiving ya mwaka 2026 ni tarehe 26 Novemba. Nafasi za kambi ya Furnace Creek na za kambi kubwa za Joshua Tree zinafunguliwa mtandaoni miezi sita kabla, yaani mwishoni mwa Mei, na za wiki hiyo huisha mapema. Kaa na ndugu zako, mkubaliane tarehe, na mmoja wenu apewe kazi ya kuwa macho siku hiyo.